Haki ya Mgonjwa Asiyekuwapo Darasani

Katika kila darsa la utabibu yumo mtu mmoja ambaye jina lake halikuandikwa katika orodha ya wanafunzi, hana kiti ukumbini, hajui kwamba habari zake zinasomeshwa, na aghalabu hata ugonjwa wake haujaanza; naye ndiye mwenye haki kubwa kuliko wote waliohudhuria. Mwanafunzi aliyekosa kufahamu aweza kuazima daftari la mwenziwe, au kurudia kitabu usiku, au kukariri maneno asiyoyaelewa na kuyaandika siku ya mtihani kama yalivyo, akapewa alama za kutosha. Lakini mgonjwa atakayemjia baada ya miaka mingi, katika hospitali ya wilaya isiyo na bingwa wa kuulizwa, hana daftari la kuazima. Na lile jambo ambalo mwalimu alilipita mbio kwa sababu saa ilikuwa inakwisha, ndilo litakalotakiwa kwa ajili yake saa nane za usiku. Kwa hiyo siuhesabu uwazi wa kusomesha kuwa ni pambo la mhadhiri, ambalo akiwa nalo ni vizuri na akilikosa si neno. Nauhesabu kuwa ni sehemu ya tiba yenyewe, tena sehemu ya kwanza, na anayeupuuza ameanza kumdhulumu mgonjwa kabla hajamtia machoni.

Giza la darsa ni la kale. Kwa muda mrefu katika vyuo vya Ulaya somo la maumbile ya mwili lilisomeshwa hivi: mwalimu aliketi katika kiti kirefu, juu ya vichwa vya watu, akisoma kwa Kilatini maneno ya Galen, tabibu wa Kiyunani aliyeondoka duniani zaidi ya miaka elfu kabla yake; chini yake, kinyozi aliyefanya kazi ya upasuaji alikata maiti, na aghalabu Kilatini hakukijua, na mtu wa tatu, fimbo mkononi, alionyesha kile ambacho kilipasa kuonekana. Aliyejua kusema hakugusa, aliyegusa hakujua kilichosemwa, na mwanafunzi aliyekaa kati ya sauti na nyama hakuwa na njia ya kuviunganisha. Mwaka 1537 Andreas Vesalius, mzaliwa wa Brussels, alipewa kazi ya kusomesha katika chuo cha Padua, naye angali kijana. Akateremka, akashika kisu kwa mkono wake, akawa anakata na kueleza kwa wakati mmoja, na akachora picha kubwa ili hata aliyesimama mbali apate kufuata. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko picha zake zote nzuri. Alipolazimika kuonyesha kwa kidole kile alichokitaja kwa ulimi, aliona kwamba vingine havipo. Taya ya chini ya mtu mzima ni mfupa mmoja, si miwili kama alivyoandika Galen, ambaye alipasua wanyama na si watu. Na kosa lile lilikaa karne kumi na tatu likisomwa mbele ya maiti zilizolikanusha. Kitabu cha Vesalius kilichotoka mwaka 1543 kilijaa masahihisho ya namna hiyo. Basi kueleza kwa uwazi hakumfai mwanafunzi peke yake: humtoa mwalimu katika maficho ya maneno, akaonekana na nafsi yake kama anajua au hajui.

Habari nyingine ni ya Edinburgh, nchini Uskoti. Kiti cha kusomesha maumbile ya mwili katika chuo cha huko kilikaliwa na baba, mwana na mjukuu, wote watatu wakiitwa Alexander Monro, tangu mwaka 1720 hata 1846. Wawili wa mwanzo walikuwa walimu mashuhuri, waliovuta wanafunzi kutoka nchi za mbali; wa tatu alirithi kiti bila kurithi hima. Mwaka 1825 aliingia katika ukumbi wake kijana wa miaka kumi na sita, mwana na mjukuu wa matabibu, aliyepelekwa na baba yake ili naye awe tabibu. Jina lake Charles Darwin. Katika habari za maisha yake alizoziandika uzeeni, Darwin alisema kwamba mihadhara ya mahali pale ilimchosha kupita kiasi, isipokuwa ile ya kemia ya mhadhiri Hope, na kwamba somo la Monro lilimchukiza kabisa. Halikuwa hilo tu: alishuhudia pia watu wawili wakipasuliwa, mmoja wao mtoto, katika zama ambazo dawa ya usingizi haijajulikana, akatoka mbio asirudi tena. Mwaka 1827 aliondoka chuoni bila shahada.

Wako watakaosema kwamba dunia ilipata faida, kwa kuwa kijana yule aliifuata njia iliyomfikisha kwenye elimu nyingine kubwa. Mimi simpi Monro sifa kwa faida asiyoikusudia. Na Darwin mwenyewe aliandika kwa majuto kwamba kutohimizwa kujifunza upasuaji wa miili kulimdhuru katika kazi zake za baadaye. Wala si yeye anayenishughulisha. Aliyechoka akaondoka hakumdhuru mtu. Wanaonishughulisha ni wale waliochoka wakabaki, waliosikiliza somo lisilowaingia mwaka hata mwaka, wakapewa hati zao, wakaenda kuishika miili ya watu.

Sasa na tutazame darsa moja kwa karibu, maana uwazi ukizungumzwa kwa jumla hugeuka kuwa sifa tupu. Nachagua somo la figo, ambalo wanafunzi wengi hulihofu. Mwalimu mmoja huingia akaanza na majina: hiki ni kifuko cha Bowman, huu ni mfereji wa kwanza, hiki ni kitanzi cha Henle, huu ni mfereji wa mwisho, kila jina na chumvi zake zinazoingia na kutoka, kila chumvi na mlango wake, kila mlango na dawa inayoufunga. Hakuna hata moja katika hayo ambalo si kweli. Naye mwanafunzi huandika yote, mkono wake ukikimbia mbele ya akili yake, na saa ikiisha ana kurasa tano za maneno ya kweli ambayo hajui yanajibu swali gani.

Mwalimu mwingine huandika ubaoni tarakimu mbili: 180 na 1.5. Halafu hueleza kwamba figo za mtu mzima mwenye siha huchuja kama lita 180 za majimaji kila siku, na kwamba mkojo utokao siku hiyo ni kama lita moja na nusu. Kisha huongeza kwamba majimaji ya damu, ukiziondoa chembe zake, ni kama lita 3 tu. Maana yake ni kwamba yote yaliyomo huchujwa mara sitini kati ya alfajiri moja na nyingine. Hapo hunyamaza. Zile lita nyingine zimekwenda wapi? Na kwa nini mwili ukubali taabu ya kumwaga karibu kila kitu ili upate kukiokota tena?

Mwanafunzi aliyekwisha kuulizwa swali hilo si yule aliyeingia ukumbini. Amepata haja, na mwenye haja husikiliza. Naye mwalimu humpa jibu ambalo kwangu ni miongoni mwa mambo mazuri sana katika elimu ya mwili wa binadamu: kwamba figo haikupewa kazi ya kuzijua sumu zote za dunia, kwani sumu hazina idadi na nyingine hazijazaliwa, bali kwa sehemu kubwa imepewa kazi ya kuvijua vilivyo vyake. Humwaga nje kila chembe ndogo, kisha huirudisha sukari, hurudisha chumvi kwa kadiri, hurudisha maji kwa kadiri, na kisichodaiwa huenda zake. Sasa ile mifereji na vile vitanzi vilivyokuwa majina makavu vinageuka kuwa vituo vya kurudishia, kila kimoja na amana yake; na dawa ya kumkojoza mgonjwa wa moyo aliyejaa maji haihitaji kukaririwa, kwa sababu mwanafunzi anajua ni kituo gani kimezuiwa kisirudishe chumvi.

Mwalimu wa pwani aweza kuanza na kifumbu cha kuchujia tui, na mfano huo unafaa kwa hatua ya kwanza, ambapo chembe za damu na protini husalia na maji yenye sukari na chumvi hupita. Lakini mwalimu aliye mwaminifu husema papo hapo mahali mfano unapokoma: kifumbu hakirudishi tui ndani ya nazi, na figo kazi yake kubwa ni huko kurudisha. Nimesikia masomo mengi yakiharibika kwa mfano mzuri ulioachwa uendelee kutembea baada ya njia yake kwisha, mwanafunzi akauchukua mfano akauacha ukweli.

Tena mwalimu huyo husema tumejuaje hayo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1924, Richards na Wearn, katika chuo kikuu cha Pennsylvania huko Marekani, walichoma sindano nyembamba mno ya kioo katika kichujio kimoja cha figo ya chura, wakafyonza tone la majimaji, wakakuta ndani yake sukari na chumvi, ilhali mkojo uliokuwa katika kibofu cha chura yuleyule haukuwa navyo. Tone hilo moja lilimaliza ubishi wa miaka mingi: kwanza huchujwa, kisha hurudishwa. Maelezo haya huchukua dakika tatu. Mwanafunzi aliyeyasikia anajua kwamba elimu haikushuka kutoka kiti kirefu, bali ilitolewa kwa subira na mikono ya watu. Naye siku moja hatakiamini kitabu dhidi ya mwili ulio mbele yake.

Kisha mwalimu huyu humfikisha mwanafunzi kitandani. Mgonjwa wa kisukari ana sukari nyingi katika damu kuliko vituo vya figo vinavyoweza kurudisha. Inayozidi hupotea katika mkojo, nayo haipotei peke yake, huyavuta maji pamoja nayo. Ndiyo sababu mtu huyu anakojoa mara kwa mara, na ndiyo sababu ana kiu isiyokatika hata akinywa. Mtoto anayeamka asubuhi macho yamevimba, ambaye mama yake anadhani ameumwa na mdudu, huenda kichujio chake kimeacha kuzuia protini. Basi na upimwe mkojo kabla ya kupewa dawa ya mzio na kurudishwa nyumbani. Na hapa mwalimu hukiri mpaka wa elimu. Husema kwamba maelezo ya zamani, kuwa mtoto huvimba kwa sababu damu imepungukiwa protini na maji yakahama, hayatoshi kwa wagonjwa wote, na kwamba wako wataalamu wenye hoja nzito kuwa figo iliyougua huhifadhi chumvi kwa kosa lake yenyewe. Hasemi hivyo kwa kuona haya. Mwanafunzi anayejua mahali ujuzi unapokoma ataweza kuuendeleza. Aliyefundishwa kwamba kila kitu kimekwisha kujulikana hubaki mlinzi wa ghala.

Nimesikia hoja ya kwamba darsa lililo wazi mno humdekeza mwanafunzi, kwa kuwa tiba ni ngumu na ni heri aizoee taabu mapema. Wenye hoja hii wamechanganya taabu mbili. Iko taabu ya jambo lenyewe, na hiyo haiondoki kwa maneno ya mtu yeyote: jinsi kitanzi cha Henle kinavyoukoleza mkojo ni fikra ngumu, na itabaki ngumu hata akiieleza mwalimu bora wa dunia. Na iko taabu ya mazungumzo, inayotokana na mpango mbaya, istilahi zisizoelezwa, na haraka. Ya kwanza huikuza akili. Ya pili huila tu, na aliyetumia nguvu zake zote kukisia mwalimu amekusudia nini hana nguvu iliyosalia ya kupambana na jambo.

Lakini nalo neno uwazi lina hatari yake, na nisipoitaja nitakuwa nimesema nusu. Mwaka 1970, huko Marekani, watafiti watatu wa elimu ya utabibu walimkodi mwigizaji aliyeitwa Michael Fox, wakampa jina la Daktari Fox na sifa za uongo, wakamfundisha kutoa mhadhara juu ya nadharia ya hesabu asiyoijua, uliojaa maneno yanayopingana, maneno ya kubuni na vichekesho. Waliomsikiliza walikuwa watu wenye elimu, wakiwamo madaktari wa akili. Walipoulizwa rai yao, wengi wao walimsifu. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1973, na tangu hapo imewasumbua wote wanaopima ubora wa mwalimu kwa kuwauliza wanafunzi kama wamefurahi. Sauti yenye haiba, uso mkunjufu na sentensi zinazoteleza huweza kuiga ufahamu hata msikilizaji akadhani ameelewa, na dhana hiyo kwa tabibu ni hatari kuliko ujinga unaojijua. Kwani asiyejua na anajua kuwa hajui, huuliza. Basi sisemi kwamba mwalimu aliye wazi ni yule anayependeza. Wapo walimu wenye sauti ndogo, wasioinua macho kutoka ubaoni, ambao wanafunzi wao wakipewa mgonjwa wasiyewahi kumwona, mwenye dalili ambazo hazikutajwa darasani, huweza kufikiri kutoka walichojua hata wakafika. Kipimo ni huyo mgonjwa mgeni.

Ni kwa nini basi watu wenye elimu nyingi husomesha vibaya? Mimi naona sababu kubwa ni kwamba wanataka kukimimina kitabu kizima ndani ya saa moja, na woga wa kuacha kitu nje huwafanya wasionyeshe lililo kubwa. Ibn Sina, aliyeandika Qanuni, bahari ya tiba iliyosomwa Mashariki na Ulaya kwa karne nyingi, hakuidhani bahari hiyo kuwa inatosha kwa mwanafunzi. Aliandika pia urjuza, utungo wa tiba wenye beti zaidi ya 1300, uliobeba misingi tu ili ikae kichwani mtu akiwa mbali na vitabu. Na Ibn Rushd hakuona kuwa ni jambo dogo kwake kuufanyia sharhe. Sisi watu wa pwani, ambao wazee wetu waliweka sheria za dini na adabu za nyumba katika tenzi ili zisipotee, hatuhitaji kuambiwa kwa nini mwanachuoni mkubwa namna ile alitumia wakati wake kupunguza. Kupunguza ni kazi ya anayejua. Asiyejua hawezi kuacha, kwa kuwa hajui kipi kinabeba kingine.

Slaidi zimeizidisha hali hii. Mhadhiri aliyechora ubaoni kwa chaki alilazimika kwenda kwa mwendo wa mkono wake, na mwendo wa mkono ni karibu na mwendo wa fikra; mchoro ulizaliwa mbele ya macho, mstari kwa mstari, na kila mstari ulikuja na sababu yake. Leo picha yenye mishale ishirini hutokea yote kwa mara moja, nayo ikitoweka inafuatwa na nyingine. Sikusudii kwamba projekta zitupwe, kwani hakuna chaki iwezayo kuonyesha picha ya mapafu yenye kifua kikuu. Nakusudia kwamba kilichokwisha kuchorwa na wengine kichorwe tena mbele ya wanafunzi, walau mara moja katika kila somo.

Kwetu Tanzania lipo jambo la ziada. Mwanafunzi wa skuli ya tiba, tangu skuli ile ya Dar es Salaam ilipofunguliwa mwaka 1963 hata leo, husomeshwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na aingiapo wodini huongea na mgonjwa kwa Kiswahili. Hubeba mzigo mara mbili, na mhadhiri asiye wazi huuzidisha. Lakini hali hiyo hiyo imetupa kipimo ambacho sioni wengi wakikitumia. Mwalimu akiisha kueleza figo na uvimbe, na amwite mwanafunzi mmoja amweleze kwa Kiswahili mama wa yule mtoto, kana kwamba amesimama mbele yake: Mama, macho ya mwanao yamevimba kwa sababu hii, tutapima kitu hiki, na dawa hii kazi yake ni hii. Aliyefahamu ataweza, hata kama atatafuta maneno. Aliyekariri atakwama katika sentensi ya kwanza, na mwalimu atajua siku ileile, si baada ya mtihani, kwamba darsa lake halikufika.

Najua kwamba wahadhiri wengi huingia ukumbini wakitoka kwenye chumba cha upasuaji baada ya usiku bila usingizi, kwamba wanafunzi ni wengi kuliko viti, na kwamba anayepandishwa cheo aghalabu ni mwenye makala nyingi, si mwenye wanafunzi wanaofahamu. Siwalaumu kwa yasiyo mikononi mwao. Lakini daktari apasuapo hapasui peke yake: yupo msaidizi, yupo mtoa dawa ya usingizi, wapo wauguzi, na mkono ukitetemeka wapo walioona, ilhali akisomesha husomesha miaka thelathini bila mwenzake hata mmoja kuketi nyuma ya ukumbi na kumsikiliza. Wanafunzi humsikia, nao hawathubutu kumwambia kitu. Ningependa mabingwa wa kila idara waanze kuhudhuria darsa zao kwa zao, mkubwa kwa mdogo na mdogo kwa mkubwa, kila muhula, kalamu mkononi. Na wakitoka, kabla ya kwenda wodini, wakae pamoja kidogo waambiane mahali gani walipotea njia.